Istilahi za Kutathmini Gari la Familia: Maneno ya Gereji na Maneno ya Karatasi

Maneno matatu hutumika kiholela katika barua za ofisi kila inapozungumzwa habari ya magari: kukagua, kuthamini na kutathmini. Kukagua ni kuangalia kitu kwa utaratibu ili kasoro zake zijulikane. Kuthamini ni kukipa bei. Kutathmini ni kupima kama kitu hicho kinafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Gari laweza kukaguliwa lisionekane na kasoro, likathaminiwa kwa bei ya haki, na bado tathmini ikaonyesha kuwa halimfai mnunuzi. Mwalimu anayeishi kando ya mbuga za udongo mweusi za Shinyanga, ambazo masika huzigeuza tope la kunasa magurudumu, hawezi kupima gari kwa kipimo kile kile cha karani wa Dar es Salaam.

Suala hili si la kuchezea maneno tu. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Mkataba wa mauziano unaoandikwa mezani kwa dalali huko Kahama au Geita waweza kufika mbele ya hakimu, naye atausoma neno kwa neno. Kwa watumishi wengi wa umma gari ndilo jambo kubwa la fedha baada ya nyumba, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo. Neno lisilo na mipaka katika karatasi hiyo laweza kumpotezea mtu akiba ya miaka.

Tuanze na jina la gari lenyewe. Wafanyabiashara wengi huliita saluni, neno lililotoka kwa Waingereza pamoja na buti, boneti na bampa. Shida ni kwamba saluni kwa Watanzania walio wengi ni mahali pa kutengeneza nywele, na tangazo lisemalo “saluni inauzwa” humfanya msomaji asite. Wengine husema gari dogo, lakini jina hilo hukusanya pamoja hata vigari vifupi visivyo na buti. Wengine husema gari ya chini, msemo unaoeleweka vizuri mtaani ila hautofautishi umbo. Sisi tunaona neno sedani lipewe nafasi, na maana yake iwe hii: gari la abiria lenye paa la kudumu na sehemu tatu zinazoonekana kwa nje, yaani ya injini, ya abiria, na ya mizigo, na buti lake likiwa limetengwa na chumba cha abiria.

Ukubwa nao una mtego wake. Mfasiri akikuta gari limeelezwa kuwa ni “la kati” hana budi kuuliza: la kati kwa nani? Kwa kanuni za Japani, gari la daraja dogo halizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2.0, na injini ya petroli yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,000. Likivuka kimojawapo huhesabiwa katika daraja la juu. Wamarekani hawaangalii urefu. Hupima ujazo wa ndani, wa abiria na mizigo pamoja, na sedani ya kati kwao ni ile yenye futi za ujazo 110 hadi 119. Ndiyo maana Toyota Premio, ambayo upana wake haufiki mita 1.7, ni gari la daraja dogo huko lilikotoka, na Mark II iliyoanza kuundwa mwaka 1992, yenye upana wa mita 1.75, ni ya daraja la juu. Katika maegesho ya Kahama yote mawili huitwa gari la familia, wala hatuoni kosa. Kosa ni kuandika “ukubwa wa kati” katika hati ya zabuni au fomu ya mkopo bila kutaja vipimo.

Tukumbuke pia kwamba gari la familia si umbo bali ni matumizi. Katika miaka ya 1960 na 1970 sifa hiyo ilikuwa ya Peugeot, au Pijo kama wengi walivyolitamka. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na ushindi wa namna hiyo ulilipa gari hilo jina la ugumu kuliko tangazo lolote. Leo nafasi hiyo imeshikwa na sedani za Japani, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika huko kabla ya kupanda meli.

Hapo ndipo neno mpya linapotuletea taabu. Katika mazungumzo ya kawaida “gari jipya” laweza kuwa gari la kilomita sifuri, lakini pia laweza kuwa gari lililoendeshwa Japani kwa miaka kumi, ambalo upya wake ni kwamba halijapata kuendeshwa katika barabara zetu. Toyota iliacha kuunda Mark X mwaka 2019, na Premio pamoja na Allion mwaka 2021. Kwa hiyo anayetangaza sasa “Premio mpya” hawezi kuwa na maana ya gari lililotoka kiwandani juzi. Tunapendekeza mpya libaki kwa gari ambalo halijapata kuandikishwa popote. Mengine yote ni magari yaliyotumika, nayo yagawanywe: lililotumika nje na lililotumika nchini. Neno mtumba, ambalo asili yake ni furushi, linafaa kwa mazungumzo. Katika mkataba halitoshi, kwani halisemi gari lilitumika wapi.

Umri wa gari una tarehe tatu, na watu huzichanganya: mwaka wa kuundwa, mwaka wa kuandikishwa mara ya kwanza huko lilikotoka, na mwaka wa kuandikishwa Tanzania. Madalali wana njia yao ya mkato. Namba zetu za usajili huanza na herufi T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo tatu husogea kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo husikika “namba C”, “namba D”, na bei hupanda au kushuka kwa herufi hiyo. Ni ubunifu mzuri wa lugha, lakini herufi hueleza tu ni lini gari liliingia katika daftari la nchi yetu. Gari la namba D laweza kuwa liliundwa kabla ya jirani yake wa namba C. Mwandishi wa fomu asiridhike na herufi. Aandike tarehe zote tatu.

Sambamba na hilo kuna tofauti ya uzee na uchakavu, ambayo Kiswahili kinayo tayari na tungeipoteza kwa uzembe. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yale yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka katazo la namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada gari la abiria likifikia umri wa miaka 8, na zaidi tena likipita miaka 10. Wananchi huuita ushuru wa uchakavu. Kwa usahihi ni ushuru wa uzee, maana afisa wa kodi huhesabu miaka. Hatazami bushi wala shokapu. Gari la miaka 12 lililolala chini ya paa na kupita barabara za lami laweza kuwa na uchakavu mdogo kuliko la miaka 4 lililokuwa likikimbia kila siku katika vumbi la machimbo ya Geita.

Kuhusu umbali, tunasisitiza jambo moja tu. Spidomita huonyesha mwendo wa gari kwa wakati ule. Odomita huonyesha jumla ya kilomita. Na fomu nyingi huandika “mita” pasipo kusema ipi. Lakini zaidi ya hayo, sentensi “gari limetembea kilomita 80,000” na sentensi “odomita inaonyesha kilomita 80,000” si sawa hata kidogo. Ya kwanza ni kauli ya muuzaji juu ya ukweli wa jambo, naye aweza kudaiwa kwayo. Ya pili ni taarifa ya kile kinachosomeka, na odomita huweza kurudishwa nyuma. Mnunuzi adai ya kwanza. Kama gari limetoka Japani kuna njia ya kulinganisha: huko gari jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa katika cheti cha ukaguzi.

Karatasi nyingine inayostahili mkono wa mfasiri ni ile ya mnada wa Japani. Magari mengi yanayotufikia yamepita mnadani, nayo huja na mchoro wa gari uliojaa alama. Msingi wake si mgumu. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mawimbi yaliyobaki baada ya bati kunyooshwa, S ni kutu. Herufi X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, 1 ikiwa ndogo. Kwa juu huwekwa alama ya jumla: 4 na nusu ni gari safi, 3 na nusu lina makovu ya kawaida, na R ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Tumeshangazwa na jinsi “R” inavyofasiriwa kuwa “limefanyiwa matengenezo”, maneno yanayomfariji mnunuzi mahali palipokusudiwa kumwonya. Tafsiri inayofaa ni “lilipata ajali, likatengenezwa”.

Tukija gerejini tunakuta utajiri ambao ofisi zetu hazijauchota. Fundi hasemi injini ni mbovu. Husema inamisi, yaani silinda moja haichomi sawasawa, au inagonga, au inachemsha, au inakula oili. Moshi wa bluu humwambia kuwa oili inaungua ndani ya silinda, moshi mweupe mzito usiokoma kuwa maji yanaingia na huenda gasketi imeungua, moshi mweusi kuwa petroli ni nyingi kuliko hewa. Gia huweza kuteleza, au kuchelewa kuingia, na kila moja ni ugonjwa wake. Katika bodi hutafuta puti iliyofunika tundu au mbonyeo, naye hutumia sumaku: penye bati hunasa, penye puti huanguka. Ukilinganisha na taarifa ya ofisi isemayo “gari liko katika hali ya kuridhisha”, ni dhahiri ni lugha ipi iliyo sanifu kwa maana ya kweli ya neno hilo. Maneno hayo ya gereji yaingizwe katika fomu jinsi yalivyo.

Ukanda wa machimbo umetupa neno jingine ambalo kamusi hazipaswi kulipuuza: mchomoko, kwa wingi michomoko. Ni magari madogo yanayobeba abiria kati ya miji na vituo kama Katoro, Masumbwe na Ushirombo, mara nyingi yakiwa na watu zaidi ya idadi ya viti. Jina linatokana na kuchomoka, na anayeyajua hahitaji ufafanuzi. Gari la namna hii likichoka huweza kuoshwa, likabadilishiwa vitambaa vya viti, na kutangazwa kuwa “gari la familia”. Sheria hutofautisha kibao cha njano cha gari la binafsi na kibao cheupe cha gari la biashara, lakini si kila mchomoko uliwahi kuvaa cheupe. Mkaguzi huangalia springi za nyuma zilizolala, bawaba za milango ya nyuma zilizolegea, na kiti cha abiria cha mbele kilichobonyea kuliko cha dereva. Mwandishi wa mkataba naye aulize swali ambalo “gari la familia” hulificha: je, gari hili limewahi kubeba abiria kwa malipo?

Kuhusu mkataba, neno moja la Kiingereza cha sheria hutoa mawili ya Kiswahili: hali, yaani jinsi gari lilivyo, na sharti, yaani jambo ambalo likivunjwa mnunuzi ana haki ya kulikataa gari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hutofautisha sharti na ahadi ndogo ambayo uvunjaji wake huleta fidia tu. Hiyo ya pili kwa kawaida huitwa dhamana, na dhamana ndiyo pia mali inayowekwa kwa ajili ya mkopo, tena ndiyo inayomtoa mshtakiwa mahabusu. Basi “gari hili lina dhamana” laweza kumaanisha kuwa mtengenezaji atalitengeneza bure kwa muda fulani, au kuwa kadi yake imeshikwa na benki! Tunapendekeza dhamana ya ubora kwa maana ya kwanza na dhamana ya mkopo kwa ya pili, pasiwepo dhamana tupu. Na katika dhamana ya ubora ya gari jipya, inayopimwa kwa miaka na kwa kilomita, isisahaulike kuandika “lolote litakalotangulia”. Mfasiri akiandika “au” peke yake huacha mlango wazi kwa pande zote mbili.

Neno moja bado halijapatikana: lile la nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari. Sedani nyingi za Japani zina sentimita 15 hivi, na katika njia za changarawe kipimo hicho huamua zaidi ya bei na rangi. Mafundi husema “gari linagonga chini”, ambayo ni sentensi, si jina. Kimo cha tumbo limependekezwa na kina cha chini pia; la kwanza lina uhai, la pili humfanya mtu afikirie kisima. Wasomaji wa Shinyanga, Kahama na Geita walio na neno linalotumika kweli kwao tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi mbili au tatu za kuonyesha linavyotumika.