Uzito wa Kijana na Mishipa ya Mtu Mzima

Katika kata ya Kinyala, kama kwingineko wilayani Rungwe, wapo wazazi wanaopongezwa mtoto anaporudi kutoka bweni akiwa amenenepa, kwa kuwa UKIMWI uliowakondesha wengi mkoani Mbeya katika miaka ya 1990 uliacha imani kwamba wembamba ni ugonjwa na unene ni afya. Mtu wa makamo naye akianguka kwa kiharusi, yaani ubongo kukosa damu kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka, hutafutwa jirani aliyemroga. Huo ni upuuzi unaoua, kwani saa zinazopotea kwa mganga ndizo ambazo tabibu angezitumia kuuokoa ubongo.

Ugonjwa wa mishipa unaomwangusha mtu wa makamo huanza ujanani, kama ulivyoonyesha uchunguzi wa wanajeshi 300 wa Marekani waliouawa katika vita vya Korea, uliochapishwa mwaka 1953. Vijana hao, wenye wastani wa miaka 22 na wazima wa kubeba silaha, zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoulisha moyo. Lehemu, aina ya mafuta yaliyomo katika damu, hupenya chini ya utando wa ndani wa mshipa, chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza mpaka zikavimba, na mkusanyiko wa chembe hizo huonekana kama mstari wa njano, ambao baada ya miongo kadhaa huweza kuwa utando mgumu unaobana njia ya damu. Mafuta ya tumboni huharakisha jambo hilo, kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu na kuufanya mwili usiitii insulini, homoni inayoingiza sukari katika seli.

Utafiti wa Israeli wa mwaka 2016, uliofuatilia vijana milioni 2.3, ulionyesha vifo vya moyo vikiongezeka hata kwa waliokuwa na uzito wa juu kidogo ya wastani kulingana na urefu wao, ndani ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida.

Maji ya ndimu na tangawizi yanayosifiwa kuwa "yanakata mafuta" hayaifikii mistari hiyo. Kinachosaidia ni kupungua uzito kwenyewe: utafiti wa mwaka 2011, uliounganisha takwimu za Finland, Marekani na Australia, ulikuta kwamba watoto wenye uzito uliozidi ambao hawakuwa wanene ukubwani walikuwa na hatari ya kisukari na ya shinikizo la damu iliyokaribiana na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa.