Ipoh: bati iliisha, sasa watu wanakuja kula

Mutu akitoka Kuala Lumpur, muji mukubwa wa Malaysia, anapanda treni ya umeme, na kisha saa mbili na nusu hivi anashuka Ipoh. Mbele ya kufika, angalia dirishani. Utaona maziwa madogo madogo, mengi, maji yake ya kijani. Wasafiri wenzangu walikuwa wanaangalia telefone zao. Mimi nilisimama. Sisi watu wa mine tunajua: ziwa ambalo muto hauingii, na kando yake muchanga mweupe usioota majani, lile si ziwa. Ni karieri ya zamani.

Nilikuwa Malaysia kwa mukutano wa wafanyakazi, na siku mbili zilibaki mbele ya ndege. Wenzangu walienda kuona minara mirefu na maduka ya Kuala Lumpur. Mimi niliomba Ipoh. Sababu ni bati. Si bati ya kufunika nyumba, ni ile madini inayotoka katika kasiteriti. Bonde la Kinta, ambamo Ipoh imejengwa, lilitoa bati mingi sana, na Malaysia ilikuwa ya kwanza duniani kwa miaka mingi. Halafu mwezi wa kumi, mwaka 1985, bei ilianguka. Kule London soko la bati likafungwa kwa siku moja, tarehe 24, na mine moja kisha ingine zikazima masini. Wazee wetu wa Manono wanaujua mwaka ule, hata kama hawajasikia jina la Ipoh. Nilitaka kuona wenzao wa upande ule walifanya nini kisha pale.

Ukishuka, unashuka katika jumba. Gare ya Ipoh ni nyeupe yote, na kuba juu yake, iliisha kujengwa 1917, na watu wanaiita Taj Mahal ya Ipoh. Waingereza njo walijenga, na feza ilitoka chini ya udongo. Mbele ya gare kuna muti mumoja wenye uzio. Unaitwa ipoh, na muji ulipata jina pale. Utomvu wake ni sumu. Watu wa pori waliupaka kwa mishale yao. Nilicheka peke yangu: muji wa mine kuwa na jina la muti wa sumu, hakuna mutu wa sendika angechagua vizuri zaidi.

Muto Kinta unakata muji mara mbili: muji wa zamani upande mumoja, muji mupya upande wa pili. Muji wa zamani unatembea kwa miguu na unaumaliza kwa asubuhi moja. Nyumba ni za gorofa mbili, duka chini na makao juu, na kibaraza kirefu cha kupita bila kuchomwa na jua wala kulowa na mvua. Mabarabara yenyewe yanakuambia: Jalan Bandar Timah, maana yake barabara ya muji wa bati, Jalan Bijeh Timah, barabara ya mawe ya bati. Kuna mnara wa saa wa mwaka 1909, waliujenga kwa kumbukumbu ya Birch, mukubwa wa Kiingereza aliyeuawa na watu wa Perak mwaka 1875. Lakini barabara inayopita pale sasa ina jina la mumoja wa wale walionyongwa kwa kifo chake. Hawakuvunja mnara, walibadilisha jina la barabara. Njia ya akili, mimi naona.

Wageni wengi wanakimbilia kijia kimoja chembamba, Lorong Panglima, kinachoitwa Kijia cha Masuria. Inasemwa tajiri mumoja wa bati, Yau Tet Shin, alikuwa na vijia vitatu, akagawia wake zake watatu. Leo pale wanauza barafu tamu, kofia na vitu vya kuchezea watoto. Watu wanasongamana, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi sikukaa. Kitu kilichonishika ni nyumba moja karibu pale, Han Chin Pet Soo. Ilianzishwa 1893 na tajiri Leong Fee, kuwa kilabu cha wakubwa wa mine wa kabila la Hakka, Wachina waliotoka kusini ya China. Sasa ni makumbusho. Wanakuonyesha meza za kamari, vitanda vya kuvutia afyuni, mambo ya wanawake wa kununua. Hawafichi. Na mutu wa mine anaelewa hesabu haraka: mufanyakazi aliyebeba muchanga kwa mabega alipokea mushahara kwa mukono wa kuume, na kwa mukono wa kushoto akaurudisha kwa afyuni, kwa kamari, kwa deni la duka la bwana wake. Serikali ya wakoloni ilikula kodi juu ya afyuni ile. Sisi tulio na bistro mbele ya mulango wa mine, tusiwacheke.

Yau Tet Shin, tajiri yule, ana barabara yenye jina lake katika muji mupya. Nilitembea Ipoh siku mbili, nikisoma vibao. Barabara ya mubeba muchanga sikuiona.

Tuseme sasa chakula, kwa sababu ukweli ni huu: Wamalaysia wenyewe wanakuja Ipoh kula. Jumamosi na Jumapili magari yanatoka Kuala Lumpur yamejaa familia. Asubuhi ni kahawa. Wanaiita kahawa nyeupe, lakini si nyeupe. Mbegu zinakaangwa na margarini ya mafuta ya ngazi, kisha wanatia maziwa mazito ya kopo, na povu inapanda juu. Kikombe hakifiki dola moja. Nyumba za zamani ni Sin Yoon Loong na Nam Heong, zinaangaliana katika barabara ya muji wa bati. Hakuna meza ya peke yako: unakaa na mutu usiyemujua, kama kwa malewa yetu. Unapewa mukate wa kuchoma wenye siagi na jamu ya mayai na nazi.

Kwa meza yangu alikaa muzee mumoja. Kifaransa hakuna, Kiingereza changu ni cha kuomba maji, tukasemezana kwa telefone inayotafsiri. Nikamuonyesha picha yangu na kofia ya mine. Alicheka, akaonyesha mikono yake: pompe, akasema, ile ya kusukuma maji na muchanga. Nilimuuliza watoto wake wako wapi. Mumoja Singapore, mumoja Kuala Lumpur. Njo hapo nilielewa kitu ambacho wageni hawaambiwi. Bei ilipoanguka, vijana walitoka, na kwa miaka mingi Ipoh iliitwa muji wa wazee. Zile nyumba nzuri zilibaki kwa sababu hakukuwa na mutu wa feza ya kuzibomoa. Michoro mikubwa ya kuta ambayo kila mutu anapiga picha, ya Ernest Zacharevic, ilichorwa 2014. Hesabu: toka 1985, ni karibu miaka 30. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule wa bei kuanguka alikuwa mutu muzima, na kazi yake ameitafuta mahali pengine. Mutu akikuambia, « mine ikiisha tutaleta utalii », umuulize: katikati tutakula nini?

Muchana kula tambi za muchele katika supu ya kuku na kamba. Kama unataka viungo vya Kihindi, kuna wali mumoja wanaouita nasi ganja. Usiogope, bangi haimo. Waliupa jina lile kwani aliyeula jana anarudi leo. Lakini chakula cha usiku njo mwenyewe wa muji: kuku wa kuchemsha, laini, na machipukizi ya choroko, ile mbegu ndogo ya kijani inayolowekwa hata inaota. Machipukizi ya Ipoh ni mafupi na manene, na watu wanasema ni kwa sababu ya maji ya milima ya chokaa. Restora mbili, Lou Wong na Onn Kee, zinapiga vita ya jirani kwa jirani. Meza zinatoka hadi barabarani, viti vya plastiki, watoto, mabibi, kelele. Mutu wa komini Kenya, Lubumbashi, angejisikia nyumbani, ila bukari hakuna.

Mambo ya usiku kisha kula ni kidogo. Kuna soko la usiku, nguo, viatu, mifuko ya telefone, na watu wanatembea bila kununua. Kuna baa chache katika nyumba za zamani, lakini bia ina kodi kubwa, na Waislamu, ambao ni wengi katika inchi ile, hawakunywi. Mupenda ngoma hata asubuhi asiende Ipoh. Mutu wa familia aende. Na vitu vya kupeleka nyumbani vyote ni vya kula: kahawa ya pakiti, kuku aliyeokwa ndani ya chumvi na kufungwa kwa karatasi, biskuti za mviringo za Gunung Rapat, na mabalungi makubwa kama kichwa cha mutoto, yanayouzwa kandokando ya barabara ya Tambun. Nilileta kahawa. Mabalungi yalinishinda uzito.

Milima ya chokaa inazunguka muji, imesimama kama meno, na ndani ya mapango yake watu wameweka mahekalu. Perak Tong ni ya mwaka 1926: sanamu ya Buda ndani, na ngazi zinapanda katika mwamba hadi juu, unaona muji wote. Nilihesabu ngazi, nikaacha kuhesabu. Milima mingine kama hii inaendelea kupasuliwa kwa ajili ya simenti na mawe, unaona jeraha jeupe toka mbali. Kwa hiyo uchimbaji haukuisha kabisa.

Siku ya pili nililipa taxi hadi Tanjung Tualang, kusini. Kwa mutu wa mine, hii peke yake ingetosha safari. Pale kuna dragi ya mwisho, TT5, ya mwaka 1938, tani 4.500, urefu metre 75. Ni uzini mzima unaoelea juu ya maji: mnyororo wa ndoo za chuma unachota chini, unapandisha, unaosha, unatupa muchanga nyuma, na ziwa linatembea na dragi. Ilisimama 1982. Zile zingine ziliuzwa chuma chakavu. Hii walikataa kuikata, wakaitengeneza, na leo mugeni analipa tikiti na anapanda juu. Nilishika ndoo moja kwa mukono. Mafuta yangali yanaonekana katika viungo. Nikafikiria masini zetu nilizoona zikikatwa na chalumo, zikipakiwa kwa kilo, na hakuna mutoto wa kwetu atakayejua baba yake aliendesha nini.

Mbele ya kurudi nilipita Tambun, kwa bustani kubwa ya michezo ya maji ambayo watoto wanaipenda, ina maji ya moto yanayotoka chini ya mulima. Ndani yake kuna mahali pa bati. Zamani wanawake wa bonde hili walikuwa wanaosha muchanga wa bati mutoni na sahani kubwa ya mbao, dulang, wameinama, maji kwa magoti, kitambaa kichwani. Walipashwa kuwa na kibali cha serikali. Sasa watoto wa wageni wanapewa dulang, wanafundishwa kuzungusha, wanacheka, wazazi wanapiga picha.

Nilikamata video, nikaituma kwa mama mukubwa wangu Likasi, aliyeosha malakiti mutoni miaka kumi na ambiri, mugongo wake umebaki kule. Alijibu palepale:

— Ya Mungu wangu, hata kule! Kilo moja wanawapa ngapi?

— Mama, hawauzi. Wanalipa ili waingie.

Alikaa kimya kidogo. Halafu aliniuliza kama nimekunywa.