Ningu na Ukuta wa Mtoni

Najua kurasa za gazeti letu hujaa mapenzi na visa vya bwenini, lakini mimi leo nimeamua kuandika juu ya samaki. Usicheke! Samaki mwenyewe ni ningu, na swali langu ni hili: tukijenga ukuta mtoni ili tuyageuze maji, ningu atapita wapi?

Kwanza tumjue. Ningu ni samaki wa asili wa Ziwa Viktoria, wa jamaa moja na fwani. Maisha yake ni safari. Mvua kubwa zikinyesha na mito kama Nzoia, Nyando na Sondu-Miriu ikafurika, yeye hutoka ziwani, akapanda mto huku akipambana na mkondo, akataga mayai penye nyasi zilizofunikwa na maji. Baadaye wakubwa hurudi ziwani, na watoto nao huteremka. Kwa hivyo anahitaji njia mbili: ya kupanda na ya kushuka.

Ukuta wa kugeuza maji si lazima uwe mkubwa kama bwawa la Masinga. Hata wa mita chache tu hutosha kukatiza mto, maji yakainuka, kisha yakaingizwa kwenye mfereji au handaki. Hapo samaki hupata shida tatu. Ya kwanza ni ukuta wenyewe, maana ningu si swara wa kuruka ua. Ya pili ni uhaba wa maji chini ya ukuta: yakipungua mno, mawe huchomoza na njia hukatika. Ya tatu ni mfereji. Watoto wa samaki hufuata mkondo, na mkondo ukielekea mferejini, basi wataishia shambani au kwenye mashine.

Mfano tunao hapa Nyanza. Mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, uliozinduliwa mwaka 2008, una uwezo wa megawati 60. Maji hugeuzwa mtoni na kupitishwa katika handaki la takriban kilomita 6. Umeme huo ni wetu sote. Hata taa za prepu tunazihitaji, ama sivyo? Lakini ile sehemu ya mto iliyorukwa na handaki hubaki na maji machache kuliko zamani.

Je, tutajuaje kama samaki wamedhurika? Wengi wangesema, "Nenda ukavue, uhesabu." Haitoshi! Ukivua chini ya ukuta pekee waweza kupata samaki tele ukafurahi, kumbe wamerundikana hapo kwa sababu wamezuiwa. Mchunguzi hodari huvua chini na juu ya ukuta, kwa nyavu za aina moja na kwa muda sawa. Huanza kabla ukuta haujajengwa, akaendelea baadaye. Huenda msimu wa mvua, kwa maana kumtafuta msafiri siku asiyosafiri ni kazi bure. Hupima pia kina na kasi ya maji. Tena huweka alama: kidude kidogo kama punje ya mchele hutiwa mwilini mwa samaki, na chombo kilichotegwa mtoni husoma namba yake kila apitapo. Hivyo hujulikana nani alipanda, nani alishuka na nani aligonga mwamba.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kulaumu. Kwenye Sondu-Miriu kuna maporomoko ya Odino, ambayo yalikuwako kabla ya mtambo. Huwezi kuutwika ukuta mzigo wa maporomoko. Nyanya yangu husema ningu walikuwa wengi sokoni enzi za ujana wake. Ni kweli, lakini kupungua kwao kulianza zamani. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr aliandika juu ya kuadimika kwa ningu wa Mto Nzoia, akataja nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito. Ndiyo sababu ukuta ni hatari zaidi sasa: samaki aliyekwisha pungua hana akiba ya kupoteza.

Dawa ipo, nayo huitwa ngazi ya samaki. Lakini si kila ngazi inafaa. Waaustralia waliiga ngazi za Ulaya na Marekani zilizotengenezewa salmoni, bingwa wa kuruka. Samaki wa kwao hawaruki hivyo, wakashindwa. Baada ya kuchunguza samaki wao wenyewe, mwaka 1991 walifungua ngazi nyingine kwenye ukuta wa Torrumbarry, Mto Murray: vidimbwi vilivyopangana, kila kimoja kikiwa na ufa wa wima ambamo samaki huogelea tu bila kuruka. Wakapita!

Funzo ni kwamba hatuwezi kumjengea ningu mlango bila kumpima ningu mwenyewe. Wenzangu mnaopenda bayolojia na hesabu, kazi hiyo inawangoja. Sisemi kuta zibomolewe. Nasema anayepanga ukuta amhesabu samaki pia, amwachie maji na njia, mvua zisijemkuta mlango umefungwa.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoni mambo ni kinyume: ukijenga ukuta, acha ufa. Kalamu naiweka chini.