Chumba cha Julai, joto la Oktoba: Mpangaji wa Majengo aangalie dari kabla ya kiyoyozi

Mfanyabiashara mdogo anayetafuta chumba cha kupanga Majengo, mjini Songea, mara nyingi hukikagua Juni au Julai, fedha za mahindi zikiwa zimeingia mkononi. Wakati huo kipupwe kimeshika, watu wamevaa masweta, na hakuna anayeinua macho kutazama bati. Analipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Oktoba inapofika, kabla ya mvua, chumba kile kile kinageuka tanuri, na kuhama hawezi kwa sababu fedha imeshakwenda.

Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la Dar es Salaam. Usiku hupoa. Kinachowatesa wapangaji wengi ni bati lisilo na dari. Bati likipigwa na jua la saa saba mchana hupata moto kuliko hewa ya nje, kisha joto hilo hushuka moja kwa moja chumbani. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma nayo hufunguka nusu tu, na matundu ya hewa mara nyingi yamezibwa na maboksi ya bidhaa.

Kwa mwenye duka la pembejeo, hasara si jasho peke yake. Mbegu za mahindi huingizwa dukani Septemba na Oktoba ili ziwahi wapandaji wa Novemba na Desemba, yaani katika miezi ile ile ya joto. Kanuni inayotumika katika uhifadhi wa mbegu ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 5 hivi, muda wa mbegu kubaki hai hupungua kwa nusu. Mfuko uliobaki tangu msimu uliopita, ukiwa juu kabisa ya rafu karibu na bati, ndio wa kwanza kuharibika, na mkulima atakayeununua hatajua mpaka mashimo yamebaki bila miche.

Wengi hufikiria kiyoyozi. Zamani wazo hilo lilikuwa gumu, maana hadi mwaka 2018 Songea ilitegemea majenereta ya dizeli, kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme ya Makambako–Songea. Lakini hesabu ifanywe kwanza. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kilowati moja hivi kinapofanya kazi kwa nguvu. Katika chumba kisicho na dari hakipumziki, hivyo saa nane ni uniti 8. Kwa bei ya TANESCO iliyotangazwa mwaka 2016, Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni Sh 2,336 kwa siku, zaidi ya Sh 70,000 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa kumi haifikishi hata uniti moja.

Yupo pia mpangaji aliye katika kundi la matumizi madogo, ambalo bei hizo zilimpa uniti 75 za mwezi kwa Sh 100 kila moja na Sh 350 kwa zinazozidi. Uniti hizo kiyoyozi kitazimaliza kwa siku kumi. Na pale nyumba nzima inapotumia LUKU moja, mwenye kiyoyozi ajiandae kwa ugomvi na majirani.

Aliyekikuta kiyoyozi ukutani na hakipoozi, aanze kwa kuosha chujio, kazi ya dakika kumi. Fundi akisema gesi imekwisha, aulizwe inavuja wapi, kwani gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Kuijaza bila kuziba tundu ni kumlipa fundi kila miezi michache.

Dari ndiyo dawa kubwa, iwe ya jipsamu au mbao laini, mradi juu yake pawe na nafasi ya hewa kupita. Asiyeimudu apake bati rangi nyeupe, asogeze bidhaa mbali na paa na ukuta wa magharibi, na afungue madirisha ya pande mbili usiku. Feni za maji hufaa kulalia Oktoba, hewa ikiwa kavu, lakini zisiwekwe penye mbegu wala mbolea. Unyevu wake ni hasara nyingine.

Nani alipe? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo kulitunza paa na kuta kuu, isipokuwa mkataba useme vingine. Bati linalovuja ni lake. Kuweka dari ambayo haikuwapo ni jambo la mapatano, na dari ikishapigiliwa haihami na mpangaji. Hapo ndipo wengi huliwa: wanajenga kwa fedha zao, na kodi inapandishwa mwaka unaofuata kwa sababu chumba kimependeza.

Basi yaandikwe kwenye mkataba, kwa kiasi cha fedha: gharama ya dari, itakatwa kwenye kodi ya miezi mingapi, na kodi haitapanda mpaka lini. Wakati wa kuyasema hayo ni Julai, baridi ikiwa bado kali na fedha ya kodi ikiwa bado mfukoni mwa mpangaji.