Mwanga Unaopima Mwendo wa Molekuli

Jua linapomwangazia mkulima shambani, miale yake isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, hupenya ngozi na kuzifikia molekuli za DNA, zibebazo urithi wa kila kiumbe. Molekuli iliyopokea mwale huo hupata nguvu iwezayo kuiharibu, lakini mara nyingi sana haiharibiki. Kwa miaka mingi wanasayansi hawakuweza kuifuatilia nguvu hiyo inavyopotea, kwa kuwa jambo lenyewe hutukia upesi mno.

Njia ilifunguliwa na Profesa Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa utafiti alioufanya California, Marekani. Yeye alitumia mimweko ya leza inayopimwa kwa femtosekunde. Katika sekunde moja mna femtosekunde nyingi kuliko sekunde zote za miaka milioni 31.

Katika mojawapo ya mbinu zilizotokana na kazi hiyo, mmweko wa kwanza huiamsha molekuli. Wa pili hufuata baada ya muda uliopangwa na kuing'oa elektroni moja. Kasi ya elektroni hiyo hupimwa, nayo hubainisha hali iliyokuwamo molekuli wakati ule. Jaribio hurudiwa mara nyingi, na muda baina ya mimweko miwili hubadilishwa kidogo kidogo, hata mwendo wote ukajulikana hatua kwa hatua, mithili ya picha za sinema.

Kwa mbinu hiyo imedhihirika kwamba adenini, mojawapo ya besi nne za DNA, ikiwa katika hali ya mvuke hujipinda na kuigeuza nguvu ya mwale kuwa joto kwa muda wa femtosekunde elfu moja hivi. Wepesi huo ndio kinga yake.

Hata hivyo, kinga hiyo si kamili. Miale michache huharibu DNA, na madhara yakikithiri huweza kuleta saratani ya ngozi. Wenye ualbino wamo hatarini zaidi kwa kukosa melanini ya kutosha. Kofia pana na nguo za mikono mirefu zingali ni za lazima kwao.

Zewail alianza masomo yake ya juu katika Chuo Kikuu cha Alexandria. Ni wajibu wa mataifa ya Afrika, basi, kuwapatia vijana wao walimu na maabara, ili wasiwe watazamaji tu wa elimu ya wengine.