Fahamu: Maji ya plazma na vidonda vyenye usaha

Ni maji gani?
Ni maji ya kawaida yaliyoguswa na plazma, yaani hewa iliyopigwa umeme mkali hadi chembe zake zikabeba chaji, kama inavyotokea radi ikipiga. Plazma ya damu ni kitu kingine kabisa.

Yanauaje vijidudu?
Ndani yake huzaliwa haidrojeni peroksaidi, nitriti na nitrati, na maji yenyewe huwa na asidi. Bakteria hushambuliwa kwa njia kadhaa kwa mpigo, jambo linalowapa watafiti matumaini kwamba usugu utachelewa. Kasoro yake: nguvu hupungua kadiri yanavyokaa.

Kwa nini yanazungumzwa?
Usugu wa dawa. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wameshakuta vidonda vya upasuaji vyenye bakteria wa stafilokokasi wasiosikia dawa ya methisilini.

Je, yanatumika Manyamanyama, Bunda?
Bado si tiba ya kawaida. Ushahidi mwingi ni wa maabara na wanyama. Mwenye kidonda huko ataendelea kuoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kufungwa bandeji na, ikibidi, kupewa antibiotiki. Ukikutana na muuza chupa za "maji ya plazma" mnadani, mwulize yalitengenezwa lini.