Sabuni ya Zeituni Haitaki Pupa

Wasee, ka unataka kupika sabuni ya keja yenye iko na mafuta mob ya zeituni, jua mapema hii form haiendi na mbio. Zeituni imejaa asidi ya oleiki. Hiyo ndio inafanya sabuni ikue mpole hata kwa ngozi yenye inapasuka baridi ya Julai, na ndio pia inafanya ikawie kushika.

Wasee wa Nablus, Palestina, wako na hii rada kitambo. Wanapika zeituni, maji na alkali, basi. Wanamwaga mzigo wote sakafuni, ikishika wanakata, wanapiga muhuri, alafu wanapanga vipande minara mirefu yenye iko wazi katikati ndio hewa ipite. Zinakaa hapo hadi zikauke proper. Mwaka wa 2024 UNESCO iliingiza hiyo kazi kwa orodha yake ya urithi, pamoja na sabuni ya Aleppo, Syria. Wanastahili kabisa.

Sasa kejani. Mimi hupenda zeituni asilimia 80 na nazi 20, juu zeituni pekee inatoanga povu kidogo yenye inateleza. Kwa gramu 800 za zeituni na 200 za nazi, weka gramu 136 za kostiki soda na 270 za maji. Hiyo hesabu inaacha karibu asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, ndio ngozi isikauke. Pima kila kitu kwa mizani, hata maji. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya.

Kostiki ni noma, inachoma mbaya. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha, watoi wakae mbali. Mwaga kostiki kwa maji, polepole. Ukigeuza, maji juu ya kostiki, inaeza chemka ikurukie usoni. Na sufuria ya aluminiamu, ile iko kwa kila jikoni, usiiguse: kostiki inaikula na kutoa hidrojeni, gesi yenye inashika moto. Tumia ya stili. Maji ya kostiki ikipoa hadi vuguvugu, changanya na mafuta, koroga. Zeituni inakawia, so blenda ya mkono inakuokolea bega. Matone yakiacha alama juu ka uji mzito, mwaga kwa moldi.

Inalala siku moja ama mbili, unakata, unaipanga mahali hewa inapita. Sabuni za kawaida hungoja wiki nne hadi sita. Hii ya zeituni mob naipea miezi tatu, na ikigonga sita inakuanga moto. Maji inatoka, kipande inakuwa ngumu, utelezi unapungua, na haiishi mbio bafuni. Hapa ndio wasee wengi huharibu: anakata leo, anapiga picha, wiki ijayo anauza. Mteja anaoga nayo mara kadhaa, inageuka ute kwa kisahani, alafu anaambia mtaa mzima zeituni ni bure. Zeituni haina makosa, ni haraka ya muuzaji.

So andika tarehe ya kukata kwa kila boksi. Na ka unanunua kwa msee wa mtaa, muulize ilikatwa lini kabla utoe doo.